Nyayo Zinazoishia Mpakani: Zizi, Serikali ya Kijiji na Soko la Afrika Mashariki



Nimeombwa nizungumzie ugaidi, utawala dhaifu na muungano wa uchumi wa nchi zetu. Nitaanzia zizini. Usiku wa manane yowe linapigwa katika kijiji kimoja cha bonde la Mto Mara. Ng'ombe wameporwa. Vijana wanaamka na mikuki na mishale, wanafuata nyayo mpaka alfajiri, na nyayo zinaelekea kaskazini. Zikishavuka mpaka wa Kenya, askari wa huku hana amri kule, na mwenye ng'ombe anarudi nyumbani na kamba mkononi.

Mpaka huo ni mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu yake mwaka 1886, kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria. Uliwapasua Wakurya katikati. Leo Wairege, mojawapo ya koo zao, wako Tarime, na wako Kuria ya Kenya pia. Ukoo mmoja, wimbo mmoja wa jando, serikali mbili.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983. Biashara halali ilikatika. Ng'ombe wa wizi waliendelea kuvuka. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo Wakurya wengi walivipigana wakiwa jeshini, bunduki nazo zikaingia katika uporaji. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeishi na Wakurya na kuandika kitabu juu ya wizi huu mwaka 2000, alionyesha jinsi jambo lililokuwa la ushujaa na mahari lilivyogeuka kuwa biashara ya fedha taslimu, na wanunuzi wake wakiwa Kenya. Kwa maneno yangu mwenyewe: mwizi wa ng'ombe alikuwa na soko la pamoja miaka mingi kabla serikali zetu hazijaliandikia itifaki.

Wananchi walifanya nini? Waliitana. Wakurya wana iritongo, baraza la ukoo ambapo mtu hutajwa hadharani na kuulizwa. Sungusungu, jeshi la ulinzi la wananchi lililozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipofika mkoani Mara liliegemea baraza hilo, na mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria ya mgambo ili kulitambua. Nawaheshimu wazee waliokesha kulinda mifugo ya jirani zao. Lakini lazima niseme pia kwamba watu walichapwa viboko ili wakiri, na kwamba kisasi cha koo kilipata mahali pa kujifichia. Raia anapolazimika kuwa polisi, hakimu na mlinzi wa gereza kwa usiku mmoja, ujue dola imechelewa kufika. Baadaye Tarime na Rorya zilipewa mkoa wao wa kipolisi, peke yao. Hilo lenyewe ni ushahidi wa ukubwa wa tatizo.

Sisemi kwamba mwizi wa ng'ombe ni gaidi. Kumwita hivyo kungekuwa dhuluma, na kungetupotosha. Ninachosema ni kwamba wote wawili hupita mlango mmoja, ule wa serikali dhaifu ya kijiji. Tazameni Kibiti, mkoani Pwani, mwaka 2017. Mwezi Aprili askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja, lakini mauaji yale yalikuwa yakiwaandama hasa wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa vitongoji. Wauaji walielewa jambo ambalo wataalamu wengi wa usalama hulipita haraka: ukiiua serikali ya kijiji, umewaacha watu gizani. Oktoba mwaka huohuo Mocímboa da Praia, Msumbiji, ikashambuliwa, katika jimbo la Cabo Delgado lenye rubi na gesi ambalo wenyeji wake walikuwa maskini. Oktoba 2020 moto huo ulivuka Mto Ruvuma hadi Kitaya, Mtwara. Mwaka uliofuata mradi wa gesi wa mabilioni ya dola huko Cabo Delgado ukasimamishwa. Hivyo ndivyo usalama wa kijiji unavyogeuka kuwa hesabu ya taifa.

Sasa turudi kaskazini, Sirari, mji wetu wa mpakani. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya sasa ulianza kutumika Januari 2005, Soko la Pamoja Julai 2010. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili. Ni utaratibu mzuri. Lakini mama mwenye magunia matatu ya mahindi akiona foleni, maswali na mkono unaonyooshwa kuomba, atamwita kijana wa bodaboda na kupita njia ya panya. Machi 2021 Kenya ilipozuia ghafla mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, aliyeumia kwanza ni mama huyo. Na njia ya panya haichagui mzigo. Inapitisha mahindi, bangi, mirungi na ng'ombe wa wizi, na siku moja inaweza kupitisha baruti. Kila kizuizi kisicho na sababu tunachomwekea mama yule kinaongeza wateja wa njia hiyo, na kinamzoesha askari aliyeko huko kupokea hongo.

Kwa hiyo nina ombi mahususi. Tangu 2010 tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Tumepiga chapa, tumevalisha hereni. Lakini ng'ombe wa Serengeti akifika mnadani ng'ambo, chapa yake ni kovu tu iwapo msimamizi wa mnada huo hana daftari la kuisoma. Halmashauri za Tarime na Serengeti, pamoja na Kaunti ya Migori, ziwe na daftari moja la mifugo linalosomeka pande zote mbili. Mtendaji wa kijiji apewe simu ya kazi na namba ya mwenzake wa upande wa pili, ili yowe linapopigwa Tarime saa nane za usiku, Isebania, upande wa Kenya, wawe wameamka kabla nyayo hazijafika.

Wakuu wa wilaya mliomo humu, msisubiri mkutano wa marais. Anzeni na minada ya mwezi ujao.