Moto wa Mlimani na Giza la Nyumbani



Umeme ukikatika twamlaumu fundi wa nguzo. Leo twawaombeni mtazame juu, mlimani.

Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka siku kadha wa kadha. Watu kwa mamia walipanda kuuzima moto, wenyeji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka wakiwamo. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, upande wa Karanga.

Kule juu vichaka na miti hunasa ukungu, ukadondoka chini kuwa maji. Vikiungua, ukungu wapita bure. Na maji hayo si ya migomba peke yake: hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu yakazungusha mitambo, kisha Hale, kisha maporomoko ya Pangani. Mitambo hiyo si mikubwa, tusidanganyane. Bwawa la Rufiji laipita mbali sana. Lakini ni yetu, na mto wake waanzia nyuma ya nyumba zetu.

Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa. Tangu hapo mwenyeji akiokota kuni huulizwa kibali. Moto ukilipuka huulizwa yuko wapi! Twadai aitwaye kuzima aitwe na kupanga. Wazima moto wapewe mabuti, chakula na posho. Warina asali wapewe vifaa vya moshi, waache mienge.

Wakati tukingoja jibu, Jumamosi twafyeka mpaka wa mashamba yetu. Kila nyumba itoe mtu mmoja, aje na panga na maji ya kunywa.