Pompi inatoa maji kidogo: tuhesabu kwanza, tulaumiane nyuma

(Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Kabondo-Dianda)



Mmeniomba niseme juu ya pompi yetu, ile India Mark II. Naanza na kosa langu. Wamama waliniambia: «Mayi inatoka kidogo, mikono inatuuma, bidoni haijai.» Mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba kisima kimekauka. Sikupima kitu. Neno lile likatembea, likafika pale kwenye mstari wa bidoni, na kule likageuka: «Bale balirudia njo banamaliza mayi.» Wamama wawili nusura wapigane. Wengine waliacha pompi wakarudi kuchota mtoni, na hapa kwetu kipindupindu si hadithi.

Siku fundi alipokuja, hakufungua hata buloni moja. Aliomba seo yenye alama za litre, na saa. Na sisi tunaweza kufanya vile.

Kipimo cha kwanza: piga pompi mpaka maji yatoke sawasawa. Halafu weka seo, piga mara 40 kwa dakika moja, mkono ushuke mpaka mwisho. Pompi ya aina hii ikiwa nzima inatoa litre 12 ao zaidi. Yetu ilitoa 7.

Kipimo cha pili: acha pompi ipumzike dakika 30, mtu asiiguse. Kisha piga, ukihesabu. Maji yakichelewa kupita mipigo 5, ujue yalikuwa yanarudi chini: kilango cha chini hakifungi vizuri, ao bomba limetoboka. Yetu ilitoa maji kwa mpigo wa tatu. Basi, kilango na mabomba havikuwa na maneno.

Kipimo cha tatu: rudia kile cha kwanza asubuhi sana mbele watu hawajachota, na tena saa sita. Kisima kikiwa na maji machache, asubuhi pompi inatoa vizuri, halafu inaanza kutapika hewa. Inapumzika, inatoa tena. Yetu asubuhi 7, saa sita 7. Kwa hiyo kisima hakikukauka. Wale waliorudi hawakumaliza maji ya mtu.

Ilibaki pistoni. Fundi na vijana wetu walisimamisha miguu mitatu ya chuma, wakavuta mabomba, moja-moja metre 3, mpaka silinda ikatoka. Vile vikombe vya mpira vinavyozunguka pistoni vilikuwa vimelika. Pistoni ilipanda, lakini maji yalipita pembeni. Akaweka vipya, akarudisha mabomba, akatia dawa ya klori kisimani. Tulipiga maji ya kumwaga mpaka harufu ikaisha, ndipo watu wakachota. Kipimo: litre 13.

Kitu kidogo kama kifuniko cha chupa, ndugu zangu, kilitaka kutugawanya.

Tusidanganyane: mstari utabaki mrefu. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, zinahesabu watu 500 kwa pompi moja ya mkono. Tukipita hapo, tunahitaji pompi ya pili, na tutaiomba pamoja, wenyeji na waliorudi, tukiwa na daftari mkononi.

Ndiyo maana naomba komite mambo matatu. Moja, kila mwezi tupime mipigo 40, tuandike tarehe na litre. Mbili, kwa franka za sanduku tununue vikombe vya akiba sasa, tusingoje vilike ndipo tutume mtu Lubumbashi na treni. Tatu, mama mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliorudi wajifunze kipimo hiki, wakifanye pamoja.

Na mimi, sitaandika tena «kimekauka» bila seo na saa.