MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

(Maneno ya fundi mmoja wa mabehewa mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya makadirio ya fedha za Serikali. Mimi si mtu wa elimu kubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na hesabu nilizopata huko ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Lakini nimeona kwamba hizo zatosha.

Kila mwisho wa mwezi natazama karatasi ya mshahara. Kodi ya mapato imekatwa. Asilimia 2.75 imekwenda bima ya afya, na asilimia 1.5 imekwenda mfuko wa nyumba. Mke wangu akinunua sabuni, kodi nyingine imo ndani ya bei. Basi mtu asituambie kwamba fedha za Serikali ni mambo ya wakubwa. Ni jasho letu, na mwenye jasho ana haki ya kuuliza limekwenda wapi.

Sasa tazameni deni. Katikati ya mwaka 2013 deni la Kenya lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Katikati ya 2024 lilikuwa limepita trilioni 10. Ligawanyeni kwa watu milioni 47 na nusu waliohesabiwa mwaka 2019: kila mmoja anadaiwa zaidi ya shilingi 200,000, hata mtoto aliye mgongoni mwa mama. Na katika kodi ya mwaka wa fedha 2023/24, zaidi ya nusu ililingana na malipo ya madeni na riba. Tuseme umekusanya shilingi 100, na mdai amesimama mlangoni akingoja zaidi ya 50. Mwalimu, muuguzi, dawa na barabara vyote vinang'ang'ania zilizosalia.

Wahenga walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi moja sisi watu wa reli twaijua sana. Mwaka 2014 Serikali ilikopa China zaidi ya dola bilioni 3 kwa reli mpya ya Mombasa hata Nairobi, na treni ikaanza kubeba abiria mwaka 2017. Ukafuata mkopo mwingine wa karibu dola bilioni moja na nusu, na mwaka 2019 njia ikafika Suswa, upande wa Naivasha, mbali bado na Kisumu na Malaba. Na deni lilikuwa la dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa shilingi 87 hivi. Mapema 2024 ilifika 160. Kwa hiyo deni lile lile lilitutaka shilingi nyingi zaidi, ingawa hatukuongeza hata reli moja. Na mikataba yake? Baadhi ilionyeshwa wananchi mwaka 2022, yaani miaka minane baada ya saini.

Nitasema kweli ingawa yaniuma. Mimi nala ugali kwa ajili ya reli, nanyi pia. Sisemi reli ni mbaya, wala kila mkopo ni mbaya. Mkopo wa kununua jembe si sawa na mkopo wa kununua pombe. Lakini hata jembe lina bei yake. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mshahara ulichelewa miezi miwili, tukaambiwa mdai amelipwa kwanza. Nililisha watoto kwa daftari la mwenye duka. Ndipo nilipojifunza kwamba deni likibana, anayengojeshwa ni mfanya kazi. Kwa hiyo sisi tulao hapo ndio tupaswao kuuliza kwanza.

Twauliza lini? Ninyi mnajua breki hukaguliwa kabla treni haijaondoka. Ikiwa imeanza kuteremka, fundi atabaki kupiga kelele tu. Makadirio nayo hupelekwa Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katiba ya 2010, kifungu cha 221, yaamuru kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi katika muda huo. Juni 2024 vijana walitoka barabarani juu ya Mswada wa Fedha, wengine wakauawa, na mswada ukaondolewa. Tusingoje damu ili tusikilizwe, na mlango upo.

Naomba tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, tuchague watu watatu wa kusoma makadirio na kutueleza kwa Kiswahili. Pili, tupeleke maswali yetu kwa maandishi mwezi wa Mei: mkopo huu ni wa nini, riba ni kiasi gani, nani atalipa? Tatu, na hili halitawapendeza wote, daftari la tawi letu lisomwe mbele ya wanachama kila miezi mitatu. Hatuwezi kuidai Serikali ifungue vitabu vyake huku vyetu vimefungwa kabatini.

Mkinikubalia, naomba mniandike wa kwanza katika wale watatu.

Umoja ni nguvu.