Kupima Homoni za Maumbile: Farasi wa Mashindano na Wakimbiaji wa Karatu

Mwenyekiti, walimu wa riadha na vijana wetu:

Naomba idhini nianze na farasi, ingawa hapa Karatu tumezoea punda, kwa kuwa kwa farasi ndiko linakodhihirika suala zito kuliko yote katika upimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni, nalo ni namna ya kumhukumu kiumbe kwa kitu ambacho mwili wake wenyewe hukitengeneza. Testosteroni imo mwilini mwa kila farasi. Hata dume aliyehasiwa, ambaye mtu angedhani hana tena, hutoa kiasi kidogo katika tezi zilizo juu ya figo. Ndiyo maana mashirika ya mbio za farasi yameweka mpaka mahali pa katazo tupu: nanogramu 20 katika mililita moja ya mkojo wa aliyehasiwa, na 55 kwa jike asiye na mimba. Na mkojo huo haupatikani kwa amri: mtunzaji humwingiza farasi bandani, akampigia mbinja polepole, na mpimaji akangoja na kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, hata mnyama aridhike.

Kwa binadamu mambo ni yayo hayo. Karatu, alikozaliwa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch mwaka 1974, iko juu kiasi cha meta 1,500, na ukingo wa kasoko ya Ngorongoro unapita meta 2,000. Hewa ikiwa nyepesi, figo hutoa homoni ya erithropoetini, yaani EPO, ambayo huuamrisha uboho kuzalisha chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo hutengenezwa pia viwandani kwa ajili ya wagonjwa, na wapo waliojidunga ili washinde. Rita Jeptoo wa Kenya, mshindi wa marathoni ya Boston, alikutwa nayo mwaka 2014, na hatimaye akafungiwa miaka 4.

Tangu Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 maabara huweza kuipambanua EPO ya kiwandani na ya maumbile. Na tangu 2009 kuna pasipoti ya kibiolojia, ambayo humlinganisha mwanariadha na damu yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita. Kwa rai yangu hii ndiyo mizani yenye insafu zaidi, kwani mpaka mmoja kwa watu wote huweza kumdhulumu mtoto wa milimani aliyeumbwa hivyo, na kumwacha mdanganyifu ajifiche chini yake.

Lakini mizani hiyo huhitaji kweli yetu. Mpimaji wa damu huuliza kama mwanariadha amekaa nyanda za juu siku za karibuni, na kijana akijibu hapana kwa sababu tu kwao hapaiti mlimani, huuharibu ushahidi unaomtetea. Walimu, wafundisheni waandike jina la mahali, urefu wake na tarehe walizokaa, kabla hawajatia saini.