Ngazi ya Kufikia Galaksi: Jinsi Umbali wa Angani Unavyopimwa



Mizani ikiwa na kasoro, kila kilo inayouzwa sokoni ina kasoro, hata kama hesabu ya muuzaji ni sahihi. Ndivyo ilivyo katika kupima umbali wa galaksi. Hakuna kamba inayofika huko, hivyo wanaastronomia hutumia ngazi: kipimo cha karibu husahihisha cha mbali. Kosa la chini hupanda hadi juu.

Kipandio cha kwanza ni rahisi. Nyosha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kitaonekana kuhama. Dunia inapozunguka Jua, nyota za karibu nazo huonekana kuhama kidogo, na kiasi hicho huonyesha umbali. Kwa galaksi nyingine, kuhama huko ni kudogo mno.

Kipandio cha pili kilitokana na kazi ya Henrietta Leavitt, aliyelipwa senti 30 za dola kwa saa kukagua picha za anga katika kituo cha Harvard, Marekani. Alichunguza sefeidi, nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mpangilio. Mwaka wa 1912, kwa kutumia nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, alionyesha kwamba nyota inayochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko huo ndiyo yenye mwanga mkali zaidi. Zote ziko mbali karibu sawa, kama taa za kijiji kimoja kilimani: inayoonekana kali ni kali kweli. Ukijua ukali halisi, ukaulinganisha na unaoonekana, unapata umbali.

Leavitt alifariki mwaka wa 1921. Miaka miwili baadaye, Edwin Hubble aligundua sefeidi katika Andromeda, akakadiria umbali wa miaka ya nuru 900,000 hivi. Andromeda ikathibitika kuwa galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu.

Hata hivyo, kipandio kilikuwa na kasoro. Mwaka wa 1952, Walter Baade alieleza kwamba kuna aina mbili za sefeidi zilizokuwa zimechanganywa. Umbali wa galaksi ukaongezeka takriban maradufu. Leo Andromeda hukadiriwa kuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5.

Mbali zaidi hutumika supanova, nyota zinazolipuka kwa mwanga unaokadirika. Kundi la galaksi la Virgo liko umbali wa miaka ya nuru milioni 54 hivi.

Ubishi haujaisha. Ngazi hii huonyesha ulimwengu ukipanuka kwa kilomita 73 hivi kwa sekunde katika kila miaka ya nuru milioni 3.26. Mwanga wa kale zaidi angani huonyesha 67. Ama kipandio kimoja kimelegea, ama kuna jambo kuhusu ulimwengu ambalo bado halijaeleweka.

Kenya imepitiwa na ikweta, hivyo pande zote mbili za anga huonekana. Katikati ya Novemba, kati ya saa tatu na saa nne usiku, pasipo mbalamwezi wala taa, tazama kaskazini: Andromeda ni doa hafifu la mwanga. Geuka kusini, chini karibu na upeo: hapo lipo wingu la Leavitt.