MTOTO YUKO SHULENI, MZAZI YUKO ZAMUNI

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliyaomba.)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya watoto wetu. Najua wako watakaojiuliza: tumekuja kuzungumza habari za mishahara na zamu, watoto wameingiaje? Ngojeni kidogo, mtaona kwamba jambo hili na lile ni jambo moja.

Kila mmoja wetu mwenye mtoto anayajua mawazo yanayomjia kazini mnamo saa nne ya asubuhi. Mikono iko kazini, lakini moyo uko shuleni. Je, amefika salama? Amekula? Ile homa ya jana imerudi? Tukimaliza zamu na kufika nyumbani usiku, twamkuta amelala, sare yake imetundikwa msumarini. Alfajiri twaondoka naye hajaamka. Siku tatu au nne hupita hivyo, ndipo moyo unapoanza kutushtaki: wewe ni mzazi wa namna gani?

Mashtaka hayo nataka tuyachunguze vizuri, maana yametutesa sana na hayajamsaidia mtoto hata mmoja.

Kwanza tujue yalikotoka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Kwa miaka mingi ya ukoloni mfanya kazi Mwafrika alihesabiwa kama mtu wa peke yake, asiye na mke wala mtoto. Alipewa mahali pa kulala pamoja na wenzake, na mshahara wa kulisha tumbo moja. Jamaa yake ilibaki rizavu. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waligoma kwa ajili ya mishahara. Mwaka wa 1954 kamati iliyoongozwa na Bw. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa chini kabisa ulikuwa umepimwa kwa mtu asiye na jamaa, ikashauri upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Basi oneni. Baba hakutengana na mtoto wake kwa kukosa upendo. Kutengana huko kulipangwa katika karatasi za mshahara, na kulianza kupunguzwa pale wafanya kazi waliposimama pamoja. Mtu asijihukumu peke yake kwa jambo ambalo hakulipanga peke yake.

Leo tuna haki ambazo wazee wetu hawakuwa nazo. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yatupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na malipo. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba wajibu wa mama na wa baba ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Neno hilo "sawa" tulishike. Tangu reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, tunao dada zetu wanaoendesha treni. Dada huyo akiingia zamu ataulizwa, "Watoto umemwachia nani?" Sisi wanaume hatuulizwi. Kwa hiyo mashtaka ya moyo humlemea mama mara mbili, na baba hujificha nyuma yake. Hiyo si haki, wala haimfai mtoto.

Sasa twafanya nini? Wengi wetu hujaribu kulipa deni kwa vitu. Mwisho wa mwezi twaleta soda, mkate na viatu vipya. Mtu ataniambia mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, na mtoto mwenye njaa hasomi. Lakini soda haimwulizi mtoto kwa nini leo amerudi na macho mekundu. Viatu havijui jina la mwalimu wake. Mtoto akishazoea kwamba baba ni mtu wa kuleta vitu, siku vitu vikikosekana atamwona baba kama mgeni tu.

Sisi watu wa reli twajua jambo moja kuliko watu wengine. Abiria hukasirika treni ikichelewa, lakini hukasirika zaidi asipoambiwa. Ukimwambia mapema kwamba treni itachelewa saa mbili, atakaa chini, atakunywa chai yake, atangoja. Mtoto ni vivyo hivyo. Huweza kuvumilia mzazi asiyekuwapo. Linalomshinda ni kutojua.

Basi nina mashauri manne.

La kwanza, ujue ratiba ya mtoto kama unavyojua ya treni. Kanuni za elimu za mwaka wa 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Jua siku gani ana hesabu, na lini atasoma mbele ya darasa. Jua anakaa na nani dawati moja na anarudi nyumbani na nani. Ukijua kwamba kesho saa nne ana mtihani, mwambie mapema, "Saa nne hiyo nitakuwa nikikukumbuka." Neno hilo ataingia nalo darasani. Nawe ikifika saa nne, badala ya kuhangaika bila kujua la kuhangaikia, utamkumbuka kwa jambo lenyewe, kisha utaendelea na kazi.

La pili ni daftari. Kazini hatuachi zamu bila kumkabidhi mwenzetu: hili limekwisha, hili bado, hapa pana hatari. Nyumbani kwa nini baba na mama wapishane mlangoni bila neno? Nunua daftari moja, likae mezani. Mtoto akitoka shuleni aandike mstari mmoja tu juu ya siku yake. Wewe ukirudi usiku wa manane, soma, kisha andika mstari mmoja chini yake. Asubuhi wewe umelala, naye atakuta jibu lako kabla ya kwenda shule. Nilipoanza kazi nilimkuta mzee mmoja wa kutengeneza njia ambaye jamaa yake ilikuwa mbali. Kila Jumapili aliandika barua nyumbani, na katika barua hiyo kila mtoto aliulizwa swali lake mwenyewe. Mmoja aliulizwa habari za ng'ombe, mwingine habari za hesabu. Hakuwa msomi. Mimi mwenyewe niliishia shule ya msingi ya misheni, na mstari mmoja hauhitaji elimu zaidi ya hiyo.

La tatu ni simu. Wakati wa masomo mtoto yuko na mwalimu, na mwalimu ana darasa zima mbele yake. Tusimpigie mwalimu kwa kuwa moyo hautulii. Tumpigie kwa jambo: ugonjwa, au mtu mwingine ndiye atakayemchukua mtoto leo. Kwa mtoto, chagua saa moja baada ya masomo, simu ikiwa kwa nyanya au kwa jirani, na uishike saa hiyo. Dakika tatu za hakika zapita nusu saa ya bahati. Na ikiwa huwezi kupata saa hiyo kila siku, usiahidi kila siku. Tena nawaonya: mtu asisimame katika njia ya reli au asiendeshe treni huku ameshika simu ili amsikie mtoto wake. Upendo wa namna hiyo huweza kumwacha mtoto yatima.

La nne ni shule yenyewe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliweka chama cha wazazi katika shule. Twende, akina baba pia, hata mara moja kwa muhula. Na tusingoje kuitwa kwa sababu ya makosa. Mwalimu aujue uso wako kabla ya shida, ili siku ya shida mzungumze kama watu wanaojuana.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika pale niliposema jambo hili na zamu ni jambo moja. Mashauri hayo manne yataka kitu kimoja: mzazi ajue kesho atakuwa wapi. Mtu aliyeambiwa leo jioni kwamba zamu yake imebadilishwa hawezi kutimiza ahadi kwa mtoto, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Atavunja ahadi mara ya kwanza na mara ya pili, na mara ya tatu mtoto hatamwamini tena. Kwa hiyo naomba tawi letu liyapeleke mambo matatu katika mazungumzo ya mapatano na mwajiri.

Kwanza, ratiba ya zamu ibandikwe ukutani kabla ya mwezi kuanza, na ikibadilishwa kwa dharura mtu aelezwe sababu. Pili, wafanya kazi wenye ujuzi mmoja waruhusiwe kubadilishana zamu kwa mapatano, mradi saa za kupumzika zisiguswe. Tatu, mzazi apewe nusu siku kila muhula kwenda shuleni, wala isikatwe katika zile siku 21 za likizo, maana hizo ni za kupumzika.

Najua tutaambiwa kwamba treni haisimami kwa ajili ya mtoto wa mtu. Hatuombi isimame. Treni zitakwenda usiku na mchana, na ni sisi tutakaozipeleka. Twaomba tu kwamba jambo linaloweza kujulikana mapema lijulikane mapema. Mfanya kazi ambaye moyo wake umetulia huona taa ya hatari upesi kuliko yule mwenye mawazo, na hiyo ni faida ya mwajiri pia.

Wazee wetu walidai mfanya kazi ahesabiwe kuwa ni mtu mwenye jamaa. Sisi tudai apewe nafasi ya kuijua jamaa hiyo. Watu husema majuto ni mjukuu. Tusimngoje mjukuu huyo, wakati mtoto mwenyewe bado yuko darasa la tatu na bado anataka kutueleza habari zake.

Natoa mambo hayo matatu mbele ya mkutano, nikiomba mwenzangu aniunge mkono ili yapigiwe kura leo.

Umoja ni nguvu.