Mordekai Aliuliza Hali ya Mtoto

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Esta, mlango wa 2, mstari wa 7 na wa 11.

Sote twamkumbuka Esta malkia. Lakini kabla ya kuvikwa taji alikuwa yatima katika nchi ya ugeni, akilelewa na binamu yake Mordekai, aliyemtwaa kuwa binti yake. Tena Esta alipopelekwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai hakusema kwamba kazi yake imekwisha. Kila siku alipita mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali yake.

Ndugu zangu, fundisho letu liko hapo. Sisi watu wa Kenya tu hodari wa kumtwaa mtoto. Mazishi yakiisha, wazee huketi, na mtoto hupata pa kwenda: kwa nyanya, kwa shangazi, kwa mjomba. Twamshukuru Mungu kwa desturi hiyo. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipoacha yatima wengi, ni jamaa waliowapokea, na mara nyingi ni nyanya aliyekwisha kuzeeka. Lakini mtoto akiisha kutwaliwa, ni nani apitaye kuuliza hali yake?

Iko nyumba ambamo watoto wote huvaa sare asubuhi, ila mmoja hubaki kuteka maji. Yuko mtoto anayeumizwa usiku na mtu mzima wa nyumba ile ile, naye haogopi giza kama anavyoogopa kufukuzwa akisema. Majirani wajua, lakini husema, "Hayo ni mambo ya ukoo." Mordekai alipita mbele ya nyumba ya mfalme, wewe waogopa boma la jirani?

Wazee wa kanisa na akina mama, wajueni watoto hawa kwa majina. Ombeni kuona madaftari yao. Wala msimwendee nyanya kama askari. Mwendeeni na unga na blanketi, maana mara nyingi hakukosa upendo, alikosa msaada. Msaidieni kwenda kwa chifu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Lakini mahali mtoto anapoumizwa, msifanye kikao cha kuficha aibu. Sheria ya Watoto ya 2022 yamlinda kila aliye chini ya miaka 18, awe kwa mzazi au kwa jamaa. Mwoneni afisa wa watoto au polisi, au pigeni simu nambari 116, isiyolipishwa.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Jumapili hii, ibada ikiisha, pita kwenye boma moja ukaulize.

Tuombe. Ee Baba wa yatima, tupe miguu ya kuwaendea watoto wako, na masikio ya kuwasikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.